Kijani Kabla ya Mvua

"Saa sita gari langu linarudi," mama alisema, hata kabla hawajavuka geti la chuo. "Mpaka hiyo saa sita nitakuwa nimemwona huyo mwanaume wako na hicho kishamba chako. Nikiridhika, nampigia mjomba wako simu, yule mhandisi asije Jumamosi. Nisiporidhika, tunapanda gari moja mimi na wewe, na Jumamosi unavaa gauni unakaa sebuleni kama binti wa watu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Na usinililie."

"Sitalia."

Jamani, mtu mzima huyo, miaka thelathini na moja, mwalimu wa mimea anayesomesha watu wenye ndevu zao, lakini mbele ya mama yake alikuwa anajibu kama mtoto aliyevunja kikombe. Siku kumi na nane alizokaa nyumbani zilikuwa zimemmaliza. Asubuhi mjomba, jioni shangazi. Mhandisi ana nyumba, mhandisi ana adabu, mhandisi hajawahi hata kuchumbia. Na huyo wako? Anamwagilia maua ya ofisini, basi? Alikataa mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyechoka, akasema haya, nitakwenda nikamwone kwa macho yangu, nisije nikalaumiwa kesho.

Hiyo ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo, na mwalimu aliishika kwa mikono miwili. Usiku kucha alikuwa amepanga atakavyosema. Angemwonyesha mama yule kijana kwanza, mtunza bustani wa chuo, jinsi alivyo na heshima, jinsi anavyocheka bila kelele, maana chuo kizima walimwita Mpole na jina lilimfaa. Halafu angemwonyesha shamba. Shamba lenyewe lilikuwa vumbi tupu, na mama angeuliza, "Ndiyo hili?" Naye angemweleza kwamba vumbi lile ndilo jambo lenyewe. Ilikuwa nusu ya uwanja nyuma ya jengo la sayansi. Zamani ilijaa nyasi za kigeni, zile za kupendezesha picha. Miaka mitatu zilikuwa zinang'olewa kwa mizizi, na mahali pake zikamwagwa mbegu za mimea iliyokuwa ikiota pale kabla chuo hakijajengwa. Mbegu hizo zina tabia zao. Lazima zilale kwenye udongo mkavu, ziungue na jua, ngozi yake ichoke, ndipo mvua kubwa ije kuziamsha. Mvua yenyewe ilikuwa bado miezi miwili.

Walikata kona ya jengo la sayansi. Mama ndiye aliyetangulia, mkoba kwapani.

"Lo!" mama akasema. "Mbona pazuri hivi?"

Mwalimu aliinua macho, akashika ukuta.

Nusu uwanja nzima ilikuwa kijani. Kijani kibichi, kilicholowa, kinachometameta, toka ukutani mpaka kwenye njia ya wanafunzi. Na katikati yake alisimama Mpole, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ameikunja mpaka magotini, mpira wa maji mkononi, na tabasamu ambalo lilikuwa limemngoja mtu kwa siku kumi na nane.

"Shikamoo, mama," akasema, akaweka mpira chini haraka, akafuta mikono kwenye suruali. "Karibu sana. Poleni na safari."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa." Mama alikuwa anatazama huku na huku, na uso wake, ule uso ambao kwa wiki mbili na nusu ulikuwa haufunguki hata kwa mzaha, ulianza kulegea. "Yaani hili lote umelimwagilia wewe?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Asubuhi kabla ya kazi, na jioni baada ya kazi. Bomba liko kule kwenye bweni la wanaume, inabidi niunge mipira minne." Akacheka kwa aibu. "Nilitaka akija akute pameshapendeza. Nilijua huko aliko hana raha."

"Umesikia?" mama akamgeukia binti yake. "Mwanaume huyu kakuvutia maji toka bwenini. Mbona hukuniambia kwamba ni mchapakazi? Unakaa unaniambia habari za mbegu, mbegu, mbegu!"

Mwalimu alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shamba, anatazama. Hapa mche wa ule mmea wa maua ya njano, majani mawili, mwembamba kama uzi. Hapa mwingine. Hapa kumi pamoja, imebanana. Na katikati yake, juu yake, kila mahali, zile nyasi za kigeni, mbegu zake zilizokuwa zimejificha udongoni zikingoja mjinga mmoja alete maji. Zilikuwa zimeshafika kwenye kifundo cha mguu. Nyasi ndizo zilizofanya pale paonekane pazuri.

"Mpenzi," Mpole akaita taratibu. Akajirudi, kwa sababu ya mama. "Mwalimu. Vipi? Hujapenda?"

Angenyamaza. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba pale pale alijua kabisa angeweza kunyamaza. Mama ameridhika, mama anatabasamu, simu iko kwenye mkoba. Angesema asante, pamekuwa pazuri, akasubiri mama apande gari, kisha akalia peke yake. Alifungua mdomo aseme asante.

"Maji haya utaendelea nayo mpaka lini?" ndilo lililotoka.

"Mpaka Jumapili. Jumatatu wanafunga bomba wanakarabati tangi. Kama wiki tano, sita hivi." Akaona uso wake. "Lakini mimea si imeshaota? Itakomaa tu."

"Wiki sita."

"Ndiyo walivyosema."

"Wiki sita juani bila tone!" Alisimama. "Imeamka yote, wewe! Umeiamsha yote! Ilitakiwa ilale mpaka mvua. Jumatatu maji yakifungwa, ikifika Ijumaa hakuna hata mche mmoja hai. Na hata yasipofungwa, hizi nyasi zitaila!"

Mpole alitazama chini kama mtu aliyeambiwa amekanyaga kitoto. Akainua mguu, hakujua auweke wapi.

"Si utamwaga nyingine?" akauliza.

"Nyingine ipi?"

"Mbegu. Si uliziokota kule bondeni..."

"Bonde limechimbwa! Limekuwa machimbo ya kokoto, mwaka jana, hakuna hata kichaka. Zile ndizo zilikuwa za mwisho, na nilizimwaga zote." Na hilo lilikuwa kosa lake yeye, hakubakiza hata kiganja, na alilijua. Kamati ya chuo ilikuwa imempa msimu huu mmoja tu. Mvua zikipita na pale pakiwa patupu, wanamwaga lami, wanaegesha magari. Alihesabu yote hayo kichwani kwa mara moja, bonde, kamati, lami, miaka mitatu ya magoti na kucha zilizovunjika, na hasira ikampanda mpaka kooni.

"Uliniambia nikuangalizie shamba," Mpole akasema. "Uliponipigia ukiwa kwenye gari. Ulisema, niangalizie shamba langu. Mimi nilijua..."

"Ulijua nini? Wewe unajua nini? Unajua kushika mpira! Shamba ni mpira, maua ni mpira, kila kitu ni mpira wa maji! Mama na mjomba walikuwa wanasema kila siku huyu ni mtu wa mpira tu, mimi nakataa, nagombana na ukoo mzima, kumbe wenzangu wameona!"

Neno likishatoka, limetoka. Mpole aliinama, akafunga koki ya mpira, akaanza kuukunja mzunguko kwa mzunguko, vizuri, kama anavyoukunja siku zote. Akauweka begani. Akamwinamia mama kidogo, akasema, "Samahani, mama," akaondoka kuelekea stoo ya bustani, shati lake jeupe limelowa ubavu mzima.

Mama akamgeukia binti yake.

"Hukumwambia zisimwagiwe maji?"

"Nilitaka kumwambia."

"Lini?"

"Siku niliyoondoka. Wewe ulinipigia ukasema kifua kimekubana, mama, unakufa. Niliondoka hata mswaki sikubeba!" Machozi yalikuwa yameshaanza, sharti au si sharti. "Nakuja mbio nakukuta unakaanga vitumbua vya mhandisi!"

Mama alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. Kifua chake kilikuwa kizima siku ile na ni kizima leo. Hakuna aliyekuwa amemtamkia hilo waziwazi mpaka sasa.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Hilo ni langu. Lakini miaka mitatu sikuwa nimekupigia simu kila siku, mwanangu. Hiyo miaka mitatu je?"

Mwalimu alimwacha pale, akakimbia.

Stoo ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati, majembe yamepangwa ukutani kwa urefu, makopo ya rangi, harufu ya mbolea na mafuta ya mashine ya kukatia nyasi. Mpole alikuwa ameshavua shati jeupe, amevaa lile la kazi lenye nembo ya chuo mfukoni. Alikuwa anatundika mpira kwenye msumari wake. Hakugeuka.

"Nisamehe," mwalimu akasema toka mlangoni. Alikuwa anahema. "Nisamehe, mpenzi wangu. Ni hasira. Sikujua nasema nini."

"Ulijua."

"Hasira tu, wallahi vile."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile, ya chini, na hilo lilimuumiza mwalimu kuliko kama angemfokea.

"Nataka nikuulize kitu kimoja, unijibu kweli. Nyasi zile tuling'oa wote. Mimi na wewe, jioni baada ya kazi, miaka mitatu. Mgongo wangu mpaka leo una kitu hapa. Siku mlipomwaga mbegu, wewe na wanafunzi wako, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa... ulikuwa kwenye maua ya jengo la utawala."

"Mita mia. Hukuniita."

"Ilikuwa saa za masomo..."

"Hukuniita. Na hao watoto uliwaeleza zimelala kwa nini, zinangoja nini. Mimi nilikuwa nakuona unawaeleza, mikono inaruka hivi." Akaiga mikono yake, na ilikuwa ndiyo kabisa, na kidogo mwalimu acheke katikati ya kilio. "Nikasema jioni ataniambia na mimi. Jioni ukaniambia pale karibu na ukuta pamebaki mizizi. Nikaenda nikachimba. Kwa nini hukuniambia?"

Hapo angeweza kudanganya. Sababu zilikuwepo tele: nilisahau, nilichoka, nilidhani unajua. Alizipitia moja moja, na kila moja ilikuwa na ukweli kidogo. Lakini yule mtu alikuwa amesimama mbele yake ameomba kweli, na kwa mara ya kwanza mwalimu aliitazama kweli yenyewe, akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Niliona huna haja ya kujua," akasema. "Niliona... wewe kazi yako kuchimba. Mambo mengine ni ya kwangu."

Mpole aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili.

"Basi mama yako hajakosea. Ila yeye alikuwa hanijui. Wewe ulikuwa unanijua."

"Nakupenda."

"Najua unanipenda." Alichukua ndoo, akatia ndani yake vijembe viwili vidogo vya mkono. "Mimi mwenyewe sikuwa na shaka na hilo. Nilikuwa nalala nalo. Sasa nisogee nipite, jua linapanda."

"Unakwenda wapi?"

"Shambani. Mimea haijanikosea."

Walipotoka walimkuta mama katikati ya njia, simu sikioni, anaongea kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto kama afanyavyo siku zote kwenye simu.

"Mwambie asije! ... Nimesema asije, kaka. ... Sababu? Sababu ni mimi mama yake! ... Vitumbua mtakula wenyewe. Haya." Akakata. Akamtazama Mpole toka kwenye viatu mpaka usoni, kisha akafanya jambo ambalo binti yake hakuwahi kumwona akilifanya kwa mtu aliye mdogo kwake: alikunja mikono kifuani, akainamisha kichwa.

"Baba, mimi nilikuja hapa kukukataa. Nisikufiche. Na mimi ndiye niliyemwita huyu kwa uongo, kwa hiyo na mkono wangu umo kwenye hii balaa. Lakini mtu anayeunga mipira minne toka bwenini, asubuhi na jioni, kwa ajili ya mwanangu, mimi namtafuta wapi mwingine? Nimeshamfukuza mhandisi, umenisikia mwenyewe. Sasa nakuuliza mbele yake. Unamtaka binti yangu?"

Mwaka mzima mwalimu alikuwa ameomba asikie maneno hayo yakitoka kwenye kinywa kile. Alikuwa ameyaota. Katika ndoto Mpole alikuwa anapiga magoti.

"Nashukuru sana, mama," Mpole akasema. Ndoo ilikuwa inaning'inia mkononi. "Mungu akubariki kwa hilo. Ungeniuliza ulipofika, ningekujibu kabla hujamaliza. Sasa hivi siwezi."

"Kwa sababu nilikukataa?"

"Hapana, mama. Aliyenikataa leo si wewe."

Akapita katikati yao akaenda.

Mama alimshika binti yake mkono. Hakusema nimekwambia, hakusema usilie. Alimvuta tu, wakamfuata, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mpole alikuwa ameshapiga magoti kwenye kona ya mashariki, palipo na kivuli cha jengo. Mwalimu akapiga magoti mkabala naye. Kichwa kilikuwa kinamuuma, lakini mikono yake ilijua la kufanya. Shamba lote halitaokoka. Labda mistari sita, pale penye kivuli, wakiondoa nyasi leo na kesho, wakifunika udongo kwa majani makavu, wakibeba maji ya ndoo toka kisima cha jikoni. Mistari sita ingetoa mbegu za mwaka kesho, kama Mungu akipenda. Kwingine kote kulikuwa kumekufa tayari, ila kulikuwa bado hakujajua.

"Nataka mistari sita," akasema. "Kwingine tuache."

"Sawa." Mpole akakamata jani kwa vidole viwili, bila kumtazama. "Nyasi zile nilizing'oa zikiwa kubwa. Hili changa ni nini?"

"Nyasi. Ng'oa."

"Na hili?"

"Hilo letu. Angalia shina, lina vinyweleo. Nyasi haina."

"Lilikuwa linangoja nini? Pale ardhini. Miezi yote hiyo."

Mwalimu aliacha kung'oa.

"Unataka nikuambie?"

"Niambie."

Akamwambia. Alianzia mwanzo kabisa, siku aliyoteremka bondeni na mfuko wa nguo akaokota ganda la kwanza, gumu, akaling'ata mpaka jino likauma. Akamweleza ngozi ya mbegu ilivyo, na joto linavyoipasua polepole, na kwa nini mvua ya kwanza haitoshi, mpaka ya pili. Akamweleza mzizi unavyotangulia chini siku tatu kabla jani halijatoka juu. Akamweleza wale vipepeo wadogo wa bluu ambao hawajaonekana chuoni kwa miaka ishirini kwa sababu mabuu yao hayali kitu kingine ila ule wa maua ya njano, na kwamba ndoto yake yote, tangu anaanza, ilikuwa asubuhi moja aje na mtu ampendaye awakute wamerudi. Aliongea huku anang'oa, huku machozi yanadondoka kwenye udongo, na mama yake nyuma yake, ambaye alikuwa amevua viatu na kufunga kanga kiunoni, alikuwa anang'oa pia, tena anang'oa yaliyo na yasiyo mpaka wakamrekebisha. Mpole aliuliza maswali mawili. Yalikuwa maswali mazuri, ambayo mwanafunzi wake hata mmoja hakuwahi kumuuliza.

Saa sita ikafika. Walisikia gari la abiria likipiga honi barabarani, kisha likiondoka. Mama hakuinua hata kichwa.

Mwalimu alipomaliza, koo lilikuwa limekauka. Mpole alikaa juu ya visigino vyake, akajifuta jasho kwa nyuma ya mkono. Akatazama uwanja wote ule wa kijani uliokuwa unachomwa na jua la mchana, halafu, kwa mara ya kwanza tangu stoo, akamtazama yeye.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ndiyo. Ni hayo."

"Saa moja. Hata saa moja haikufika." Akapangusa udongo magotini. "Miaka mitatu, na ilikuwa maneno ya saa moja."

Mpole akachukua kijembe chake akahamia mstari wa pili. Mwalimu akasogea kwa magoti yake mpaka kwenye mstari huo huo, akainama karibu naye, bega kwa bega, na Mpole hakumfukuza.